Georges Claude: Mvumbuzi aliyeangaza miji akakwama baharini

TAA za rangi ambazo kwa miongo mingi zilimulika majina ya hoteli, kumbi za sinema na maduka katika miji mikubwa ya dunia zina asili yake. Aliyezitoa maabara na kuzipeleka barabarani alikuwa mwanasayansi Mfaransa, Georges Claude, aliyezaliwa jijini Paris mnamo Septemba 24, 1870.

Hata hivyo, taa hizo hazikuwa ndoto yake kuu. Ndoto iliyomnyima usingizi, ikamla mali na kumaliza nguvu za utu uzima wake, ilikuwa kuigeuza bahari ya nchi za joto iwe chemchemi ya umeme usiokwisha. Umeme usiohitaji makaa ya mawe, mafuta wala maporomoko ya maji. Leo, wakati mataifa yanahangaika kutafuta nishati isiyochafua hewa, wahandisi wanaoitazama bahari bado wanapita katika njia aliyoifyeka yeye.

Si rahisi kumsimulia Claude kwa sifa tupu. Mtu huyu aliyeketi miongoni mwa wasomi wakuu wa nchi yake alijikuta gerezani akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, kwa kosa la kuwaunga mkono wavamizi wa Ufaransa. Maisha yake yanaonyesha jinsi tabia moja, ukaidi wa kutosikiliza wenye shaka, inavyoweza kumpandisha mtu na pia kumporomosha.

Kijana wa karakana

Claude alisomea katika chuo cha fizikia na kemia ya viwanda cha jiji la Paris, taasisi iliyofunguliwa mwaka wa 1882 ili kuandaa vijana ambao wangeoanisha nadharia na kazi za mikono. Ni katika chuo hicho ambako Pierre na Marie Curie waligundua radiamu mwaka wa 1898. Mafunzo ya huko yalimjenga Claude kwa namna ambayo haikumtoka tena: hakuridhika na ukweli wa karatasini hadi auone ukichemka, ukizunguka au ukiwaka mbele ya macho yake.

Baada ya masomo alifanya kazi katika kiwanda cha nyaya za umeme na katika maabara ya kampuni ya umeme. Katika miaka hiyo alikuwa karibu sana na Jacques-Arsène d'Arsonval, daktari aliyegeukia fizikia, ambaye alimzidi umri kwa miaka 19 na ambaye alikuja kuwa kama mlezi wake katika sayansi. D'Arsonval ndiye aliyekuwa ametoa wazo, mnamo 1881, kwamba tofauti ya joto kati ya maji ya juu na maji ya vilindini baharini ingeweza kuendesha mitambo. Wakati huo Claude alikuwa bado mtoto, na wazo lenyewe lilibaki kwenye maandishi kwa zaidi ya miaka 40.

Sifa ya kwanza ya Claude ilitokana na gesi ya asetilini. Gesi hii hutoa mwanga mkali, na mwishoni mwa karne ya 19 ilitarajiwa kuwa taa ya nyumba na magari. Tatizo lilikuwa kwamba asetilini ikishindiliwa ndani ya mtungi hulipuka, na iliua watu. Mnamo 1896 na 1897, Claude pamoja na mwenzake Albert Hess walionyesha kwamba gesi hiyo huyeyuka kwa wingi ndani ya kiowevu kiitwacho asetoni, na kwamba ikiwa katika hali hiyo inaweza kusafirishwa kwa usalama. Mbinu hiyo ingali inatumika.

Hatua iliyofuata ilihusu hewa yenyewe. Mjerumani Carl von Linde alikuwa ameanza kuigeuza hewa kuwa kiowevu kwa kiwango cha viwanda mnamo 1895. Claude alitafuta njia nyingine. Aliishindilia hewa, kisha akaiacha itanuke huku ikisukuma pistoni ya mtambo. Hewa inayofanya kazi ya kusukuma hupoteza joto lake kwa haraka, na Claude alitumia ubaridi huo kuipoza hewa zaidi hadi ikawa majimaji. Wengi walikuwa wamejaribu njia hiyo na kukata tamaa, kwa sababu mafuta ya kulainisha mitambo huganda katika baridi kali namna hiyo. Yeye hakukata tamaa, na mwaka wa 1902 akafaulu.

Mwaka uo huo, Claude na Paul Delorme walianzisha kampuni ya Air Liquide, ambayo hadi leo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za gesi za viwandani duniani. Hewa iliyo majimaji ikichemshwa polepole hutengana: nitrojeni hutoka kwanza katika nyuzijoto 196 chini ya sufuri, na oksijeni hufuata katika nyuzijoto 183 chini ya sufuri. Hospitali zikapata oksijeni, na viwanda vya chuma vikapata moto mkali wa kukata na kuunganisha.

Fundi wa jua kali anayechomelea bodi ya gari kwa mitungi miwili, mmoja wa oksijeni na mwingine wa asetilini, huenda hajawahi kulisikia jina la Claude. Lakini mitungi yote miwili iliyosimama kando yake ina mkono wa Mfaransa huyo.

Mwanga mwekundu wa Paris

Katika kutenganisha hewa, Claude alibakiwa na gesi adimu ambazo hakuwa na kazi nazo. Mojawapo ilikuwa neoni, iliyogunduliwa mwaka wa 1898 na William Ramsay na Morris Travers jijini London. Katika hewa ya kawaida neoni ni chache mno, lakini kiwanda kinachochakata hewa nyingi kila siku hujikusanyia hazina yake.

Claude aliitia gesi hiyo katika mirija ya kioo na kupitisha umeme. Ikatoa mwanga mwekundu wenye kuelekea rangi ya chungwa, mwanga ambao haukuwahi kuonekana katika taa yoyote. Mnamo Desemba 1910, katika maonyesho ya magari yaliyofanyika Paris, alisimamisha mirija miwili, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 12, na umati ukastaajabu.

Nia yake ya awali ilikuwa kuangaza nyumba na barabara, lakini wekundu ule haukufaa kwa kusomea wala kwa kupikia. Mshirika wake Jacques Fonsèque ndiye aliyetambua kwamba rangi ile ilikuwa mali kubwa katika biashara ya matangazo. Mnamo 1912 mirija ya neoni iliwekwa kwenye duka la kinyozi jijini Paris, na kuanzia hapo mabango ya namna hiyo yakaenea. Claude alipata hataza nchini Marekani mnamo Januari 19, 1915 kwa ajili ya ncha za kupitishia umeme ambazo hazikuharibika upesi, na hataza hiyo ikamtajirisha katika miaka ya 1920, mabango ya neoni yalipoenea katika miji ya Marekani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa mtaalamu wa gesi, na ujuzi wake ukaelekezwa kwenye uwanja wa mapigano. Alifanya kazi ya kutengeneza klorini ya kimiminika, iliyotumika katika mashambulizi ya gesi ya sumu. Mnamo 1917 alianza pia kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea na baruti, kwa kutumia shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko lile lililotumiwa na Wajerumani. Wengi walidai kwamba hakuna chuma ambacho kingestahimili shinikizo hilo. Claude alifaulu.

Hivyo ndivyo alivyozoea. Asetilini, hewa majimaji, neoni, amonia: kila mara wenye shaka walisema haiwezekani, na kila mara akawaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka wa 1924 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 53, tajiri, mashuhuri, na mwenye imani kwamba rai yake ilikuwa na uzito kuliko rai za wengi.

Maji vuguvugu, maji baridi

Wakati huo ndipo alipolirejelea wazo la d'Arsonval. Katika bahari za ukanda wa tropiki, ukiwemo mwambao wa Afrika Mashariki, jua hupasha maji ya juu hadi nyuzijoto kati ya 25 na 30 karibu mwaka mzima. Lakini chini, katika kina cha mita 1,000, kuna maji baridi ya nyuzijoto 4 au 5, ambayo asili yake ni bahari za karibu na ncha za dunia. Mvuvi aliye ndani ya dau anaelea juu ya tabaka hizo mbili bila ya kuzihisi.

Penye tofauti ya joto pana uwezekano wa kupata nguvu. Mtambo wowote wa mvuke hufanya kazi kwa kupokea joto upande mmoja na kulitupa upande mwingine penye baridi. D'Arsonval alipendekeza kutumia kiowevu kinachochemka kwa urahisi, ambacho kingezunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Claude aliona kwamba njia hiyo ingehitaji vyombo vikubwa na ghali vya kupitishia joto, tena vyenye kushika uchafu wa bahari. Akaamua kuyatumia maji yenyewe ya bahari.

Siri yake ilikuwa katika shinikizo la hewa. Wapanda milima hujua kwamba kadiri wanavyokwea Mlima Kenya, ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Hewa ikipunguzwa zaidi na zaidi ndani ya chombo kilichofungwa, hadi kubaki takriban asilimia tatu tu ya ile ya kawaida, maji ya nyuzijoto 25 huchemka papo hapo bila ya kuni wala makaa. Mvuke wake hukimbilia upande ambako maji baridi ya kilindini yanaugeuza tena kuwa matone. Njiani huwekwa tabaini, yaani gurudumu la mapanga mengi, nalo huzungushwa na mvuke huo na kuzalisha umeme.

Mnamo Novemba 15, 1926, Claude na mhandisi mwenzake Paul Boucherot walionyesha jambo hilo mbele ya Akademia ya Sayansi. Waliweka chombo kimoja chenye maji ya nyuzijoto 28 na kingine chenye barafu, na kati yao tabaini ndogo. Pampu ilipoondoa hewa, maji vuguvugu yalianza kutokota, gurudumu likazunguka na balbu ndogo tatu zikawaka. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalilipokea tukio hilo kwa shangwe.

Walikuwepo waliosita, na hoja zao zilikuwa nzito. Nguvu inayopatikana kutokana na tofauti ya nyuzijoto 20 ni haba: kanuni za fizikia haziruhusu kuvuna zaidi ya takriban asilimia saba ya joto hilo, na katika kazi halisi hubaki asilimia mbili au tatu. Isitoshe, mvuke wa shinikizo dogo ni mwepesi sana, hivyo tabaini inapaswa kuwa kubwa mno. Maji ya bahari nayo yana hewa ndani yake, ambayo hutoka ikaharibu ombwe na kulazimu pampu zifanye kazi bila kukoma. Kisha ni lazima kuyavuta maji mengi kutoka kilindini. Pampu zote hizo hula umeme. Mkulima anayepanda madebe mawili na kuvuna debe moja hawezi kujisifu kuwa amelima.

Claude aliwajibu kwa vitendo. Mnamo 1928, huko Ougrée nchini Ubelgiji, alijenga mtambo uliotumia maji moto yaliyotoka katika kiwanda cha chuma na maji baridi ya Mto Meuse. Mtambo huo ulizalisha makumi ya kilowati, kuonyesha kwamba kanuni yake haikuwa mchezo wa mezani. Lakini maji ya Ougrée yalikuwa karibu, juu ya ardhi. Bahari ilikuwa jambo jingine.

Siku 11 za Matanzas

Claude alichagua ghuba ya Matanzas, kaskazini mwa kisiwa cha Cuba, mahali ambapo sakafu ya bahari huteremka kwa kasi karibu na ufuo. Gharama alizigharamia kwa kiasi kikubwa kutoka katika mali yake mwenyewe, ile iliyotokana na gesi na neoni.

Shida haikuwa tabaini wala ombwe. Shida ilikuwa bomba. Ilimbidi kutandika baharini bomba la chuma lenye urefu wa takriban kilomita 2 na upana wa zaidi ya mita moja na nusu, lishuke hadi kina cha zaidi ya mita 600. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi ya aina hiyo. Bomba la kwanza lilipotea wakati wa kulishusha. La pili nalo likazama. Mtu mwingine angefunga virago. Claude, ambaye sasa alikaribia umri wa miaka 60, aliagiza la tatu.

Mnamo Septemba 1930 bomba hilo la tatu lilikaa mahali pake, na maji baridi ya kilindini yakapanda hadi ufuoni. Oktoba mtambo ukaanza kazi. Ulizalisha kilowati 22, na taa 40 zikawaka kwa umeme uliotoka baharini. Kwa siku 11 mtambo ulifanya kazi. Kisha bahari ilichafuka, bomba likaharibika, na kazi ikakoma.

Wapo waliohesabu siku hizo kuwa ushindi, na wapo waliozihesabu kuwa msiba. Wote wana sababu. Kwa upande mmoja, ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa binadamu kupata umeme kutokana na tofauti ya joto la bahari yenyewe. Kwa upande mwingine, pampu na vyombo vingine vya mtambo vilitumia umeme mwingi kuliko zile kilowati 22. Umeme wa Matanzas ulikuwa wa mkopo, na deni lilizidi kile kilichopatikana.

Claude alieleza kwamba kasoro hiyo ilitokana na udogo wa mtambo, na kwamba kituo kikubwa kingejilipa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, kwani mahitaji ya pampu hupungua kwa uwiano kadiri mtambo unavyokua. Lakini wenye fedha walitaka kuona salio, wala si maelezo, tena hizo zilikuwa nyakati za mdororo mkubwa wa uchumi duniani.

Akaamua kuacha ufuo na kuingia baharini kabisa. Alitumia meli ya mizigo ya tani 10,000, iliyoitwa Tunisie, akatia ndani yake mitambo ya kutengeneza barafu kwa nguvu za bahari, ili barafu hiyo iuzwe katika jiji la Rio de Janeiro nchini Brazil. Bomba lake sasa lingening'inia wima chini ya chombo kinachoelea. Mnamo 1935, karibu na pwani ya Brazil, mawimbi yalilishinda bomba hilo kabla ya barafu yoyote kufika sokoni. Sehemu kubwa ya utajiri wa Claude ilizama pamoja na jaribio hilo.

Upande wa wavamizi

Katika miaka iyo hiyo ya 1930, Claude alijitosa zaidi na zaidi katika siasa. Alikuwa hana imani na demokrasia ya bunge, na alijiunga na vuguvugu la Action Française, lililotaka Ufaransa irejee kwenye utawala wa kifalme, akiwa rafiki wa kiongozi wake Charles Maurras. Aliamini kwamba nchi iliyokuwa ikiongozwa kwa kura za watu wengi ilikuwa ikielekea kuangamia.

Ujerumani ya Adolf Hitler ilipoivamia na kuishinda Ufaransa mnamo Juni 1940, raia wa nchi hiyo walilazimika kuchagua. Wengine walikimbilia London, wengine wakaanza kupinga kichinichini, na wengi wakanyamaza wakitafuta mkate wa kila siku. Claude hakunyamaza. Alijiunga na uongozi wa kundi lililoitwa Collaboration, lililoundwa Septemba 1940 kuhimiza ushirikiano na Wanazi. Serikali ya Vichy, iliyotawala kwa hisani ya Wajerumani, ilimteua mwaka wa 1941 katika baraza lake la ushauri. Aliandika vijitabu na kuzunguka akihutubia, akiwataka Wafaransa waikubali Ujerumani kuwa rafiki.

Jambo hilo halikuwa la kubahatisha maneno. Wakati akihutubia, Wafaransa waliokuwa wakipinga walikuwa wakipigwa risasi, na familia za Kiyahudi zilikuwa zikisombwa kwa treni kwenda kuuawa. Jina kubwa la mwanasayansi lilikuwa silaha mikononi mwa waliofanya hayo, naye aliwapa kwa hiari yake. Alishikilia msimamo wake hata pale ilipodhihirika kwamba Ujerumani ingeshindwa. Ukaidi uliomfaa mbele ya mitungi ya gesi haukuweza kumwonyesha mema na mabaya. Maabara humsahihisha mkaidi kwa kumwonyesha matokeo. Siasa haina kipimajoto, na anayekosea humkosea binadamu mwenzake.

Ufaransa ilipokombolewa mwaka wa 1944, Claude alitiwa mbaroni na Akademia ya Sayansi ikamfuta katika orodha ya wanachama wake. Alifikishwa mahakamani mwaka wa 1945. Shtaka moja lilidai kwamba aliwasaidia Wajerumani kubuni kombora la V-1 lililoishambulia London. Mahakama haikupata ushahidi wa jambo hilo, ikamwondolea shtaka. Kwa kueneza propaganda ya adui, hata hivyo, ilimpata na hatia. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akiwa na umri wa miaka 74.

Aliachiliwa mwaka wa 1950. Miongoni mwa yaliyozingatiwa katika kumsamehe ni utafiti wake kuhusu nishati ya bahari. Kwa hiyo jaribio lililomfilisi ndilo lililomfungulia mlango wa gereza. Lakini heshima aliyokuwa nayo kabla ya vita haikurudi. Alifariki Mei 23, 1960 huko Saint-Cloud, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 89.

Mbegu iliyochelewa kuota

Wazo lake halikuzikwa naye. Hata kabla ya kifo chake, wahandisi wa Ufaransa walikuwa wamebuni, katika miaka ya 1950, mpango wa kujenga kituo cha megawati kadhaa karibu na Abidjan nchini Côte d'Ivoire, ambako maji baridi hayako mbali na ufuo. Kituo hicho hakikujengwa, kwa kuwa nishati ya njia nyingine ilipatikana kwa bei nafuu. Laiti kingekamilika, Afrika ingetangulia mabara mengine katika jambo hili.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mnamo 1973, mataifa yalirudi kutazama bahari. Mnamo 1979, mtambo mdogo uliowekwa juu ya tishali karibu na kisiwa cha Hawaii ulizalisha takriban kilowati 50, na baada ya pampu kuchukua sehemu yake, bado kilibaki kiasi cha kutumia. Mtambo huo ulifuata njia ya d'Arsonval, ukitumia amonia. Wajapani nao walijenga mwingine katika kisiwa cha Nauru mnamo 1981, na umeme wake ukafika hadi shuleni.

Njia ya Claude, ile ya kuchemsha maji yenyewe ya bahari ndani ya ombwe, ilisubiri zaidi. Kati ya 1993 na 1998, katika rasi ya Keahole huko Hawaii, mtambo wa aina hiyo ulifanya kazi na kubakisha hadi kilowati 100 hivi baada ya kutoa matumizi yake wenyewe. Hesabu iliyomshinda Claude huko Matanzas ilikuwa imesawazishwa, miaka zaidi ya 60 baadaye. Mtambo huo ulidhihirisha pia faida nyingine: mvuke wa maji ya bahari hauna chumvi, hivyo ukipozwa bila ya kuchanganywa na maji ya kilindini hutoa maji safi ya kunywa. Kwa visiwa vinavyoagiza mafuta na kukosa mito, hilo si jambo dogo.

Mwaka wa 2013 Japani ilizindua mtambo wa kilowati 100 katika kisiwa cha Kumejima, na mwaka wa 2015 mwingine wa kiasi kama hicho ukaanza kutoa umeme huko Hawaii. Ikilinganishwa na vituo vya mvuke wa ardhini vya Olkaria, au hata na mashamba ya upepo, mitambo hiyo ni midogo sana. Kizuizi kikuu kingali kile kile kilichomkwamisha Claude: gharama ya bomba kubwa linaloweza kushuka vilindini na kustahimili dhoruba.

Historia imekuwa na taabu ya kumweka Claude mahali pake. Wafaransa hawakumwekea sanamu nyingi, na wapenzi wa taa za neoni aghalabu huishia mwaka wa 1930 wanapomsimulia. Lakini hakuna haja ya kuchagua upande mmoja. Mitungi ya gesi, taa za mitaani na bomba la Matanzas ni kazi zake. Hotuba zake kwa ajili ya Wanazi nazo ni kazi zake. Elimu yake iliwafaa watu wa nchi nyingi ambao hata hawamjui, na haikumzuia kuwasaliti jirani zake. Mahakama iliyapima maneno yake na kutoa hukumu. Hukumu juu ya wazo lake bado inasubiriwa, na itatolewa na mhandisi atakayeweza kulishusha bomba vilindini, likae huko, na kurudisha umeme mwingi kuliko ule lililoutumia.